Shinjuku, Mahali Reli Zisipogusana

Ijumaa moja ya Novemba 2019 nilikosa basi Shinjuku, stesheni kubwa ya Tokyo, kwa dakika nne. Kosa langu lilikuwa moja: nilishuka ngazi, wakati ilinipasa kupanda.

Nilikuwa na miezi miwili tu Japani. Nilikaa Kokubunji, upande wa magharibi wa Tokyo, nusu saa hivi kutoka Shinjuku kwa treni yenye mstari wa rangi ya chungwa, treni ya reli ya Chuo. Siku hiyo nilikuwa nakwenda Matsumoto, mji wa milimani mkoani Nagano, kumwona rafiki yangu wa Mbeya tuliyesoma naye sekondari. Tiketi ya basi nilishakata. Maelekezo nilipewa na kaka mmoja wa Kisumu aliyesoma chuo kile kile kabla yangu, akaondoka mwaka 2015: shuka Shinjuku, tokea mlango wa magharibi, tafuta duka kubwa la vifaa vya umeme, stendi iko mbele yake. Niliyakariri njia nzima.

Milango ya treni ilipofunguka watu wakamiminika, nami nikamiminika nao. Ngazi zilishuka, tukashuka. Chini kulikuwa na njia pana, yenye taa kali na mabango ya manjano, na umati ule ukagawanyika bila mtu kusimama wala kuuliza. Nilifuata neno la magharibi mpaka nikatoka kwenye mageti ya tiketi, na hapo nikashangaa: nimetoka, lakini bado niko chini ya ardhi. Nilipanda, nikaliona duka. Mbele ya duka hapakuwa na stendi. Palikuwa na barabara, watu na baridi.

Askari kwenye kibanda cha polisi aliisoma tiketi yangu, akatoka nje pamoja nami, akanyoosha mkono kuelekea kusini, kisha akaupandisha juu. Akaonyesha vidole vinne. Ghorofa ya nne. Nilikimbia. Nilipofika juu nikiwa sina pumzi, jina la Matsumoto lilikuwa limeshaondoka kwenye ubao, na dada wa kaunta akaniinamia kana kwamba kosa ni lake. Basi la Japani likiandikwa kuondoka dakika fulani, dakika hiyo ndipo matairi yanapozunguka.

Kaka yangu wa Kisumu hakunidanganya. Aliniambia ukweli wa mwaka 2015. Mpaka wakati ule, mabasi ya masafa marefu yalitawanyika vituo 19 kuizunguka stesheni: mengine mbele ya duka lile la umeme, mengine kando ya barabara, mengine nyuma ya mahoteli. Tarehe 4 Aprili 2016 yakakusanywa kwenye jengo moja lililowekwa juu ya reli zenyewe, upande wa kusini, linaloitwa Busta Shinjuku. Ghorofa ya tatu mabasi yanashusha abiria na teksi zinasubiri. Ghorofa ya nne yanapakia. Na ghorofa ya pili ni mageti ya treni.

Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa. Dada wa kaunta alinielekeza kwa mkono: shuka ghorofa mbili, kuna treni. Nilishuka kwa ngazi za umeme, nikakuta mageti yanayoitwa Shin-minami, Kusini Mpya, nikakata tiketi ya treni ya haraka iitwayo Azusa, na kabla jasho halijakauka nilikuwa jukwaani. Ilinigharimu zaidi ya yeni 6,000, nauli ya basi ikapotea, na juma zima lililofuata nilikula wali na mayai. Lakini nilifika Matsumoto usiku ule, na nikafika kabla ya basi lililoniacha, kwa sababu Azusa inachukua saa mbili na nusu hivi na basi zaidi ya tatu. Kwenye Azusa kila kiti kina taa ndogo juu yake: nyekundu, kiti hakijanunuliwa; njano, mwenyewe anakaribia kupanda; kijani, kimeshanunuliwa. Nilikaa chini ya taa nyekundu nikiiangalia kila stesheni.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila mtu akiizungumzia Shinjuku huanza na ukubwa wake. Na kweli ni kubwa. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliihesabu kwa mwaka 2018 kuwa stesheni yenye watu wengi kuliko zote duniani, wastani wa karibu milioni 3.6 kwa siku. Milango ya kutokea nje, ukihesabu na ile ya mahandaki yaliyounganishwa nayo, inazidi 200. Namba hizo zinatisha, lakini hazikuelezi kitu. Nilipita pale karibu kila siku kwa miaka mitatu, na ninachoamini ni kwamba Shinjuku si stesheni moja. Ni stesheni tano za wenyewe watano, zilizojengwa kwa nyakati tofauti, na kinachozifanya ziwe moja si reli. Ni miguu ya watu.

Jina lenyewe linaeleza. Shin ni mpya, juku ni nyumba ya wageni. Zamani za Edo, jina la kale la Tokyo, barabara kuu tano zilitoka darajani Nihonbashi kwenda mikoani, na kila baada ya mwendo fulani palikuwa na kambi ya kubadilisha farasi, kula na kulala. Kwenye barabara ya Koshu, iliyoelekea magharibi, kambi ya kwanza ilikuwa Takaido, kilomita kama 16 kutoka darajani. Ni mbali kwa mtu na mzigo. Wafanyabiashara wakaiomba serikali ruhusa ya kufungua kambi katikati, kwenye ardhi ya ukoo wa Naito, na mwaka 1698 wakakubaliwa. Ndiyo Naito-Shinjuku, makao mapya ya Naito. Kwa hiyo mji huu haukuanza kwa soko wala kwa ngome. Ulianza kama mahali pa kushuka kwenye mnyama mmoja na kupanda mwingine.

Treni ilikuja tarehe 1 Machi 1885, reli ya kampuni binafsi ikitoka Shinagawa kwenda Akabane, na stesheni ikawekwa nje kidogo ya kambi ile. Mwaka 1889 ikaja reli ya Tachikawa, ambayo leo ndiyo Chuo, ile yangu ya chungwa. Mwaka 1915 kampuni ya Keio wakaifikisha tramu yao. Tetemeko kubwa la mwaka 1923 lilipoiteketeza Tokyo ya mashariki, watu wengi wakahamia vitongoji vya magharibi, na wote hao wakawa wanapitia Shinjuku asubuhi na jioni. Mwaka 1927 kampuni ya Odakyu wakafungua reli yao ya kilomita zaidi ya 80 kwenda Odawara. Kila mmoja alikuja na pesa zake, akasimamisha treni yake pale alipopata nafasi.

Kisa cha Keio nakipenda kuliko vyote. Zamani treni zao zilipita juu ya daraja la barabara ya Koshu, zikavuka reli za serikali kwa juu na kuishia upande wa mashariki, penye maduka. Mwaka 1945 mabomu yakaharibu kituo chao cha kupoozea umeme. Umeme ukapungua nguvu, na treni zikashindwa kupanda mteremko wa daraja lile. Basi wakaishia upande wa magharibi, kabla ya daraja. Mpaka leo Keio iko upande wa magharibi, siku hizi chini ya ardhi. Mamia ya maelfu ya watu hutembea kila siku kutoka magharibi kwenda mashariki, na sehemu ya sababu ni mteremko uliowashinda mwaka ule wa vita.

Seibu, kampuni nyingine ya reli, wao hawakufika kabisa. Mwaka 1952 walifungua stesheni waliyoiita Seibu-Shinjuku, ya muda, kwa nia ya kusogea mpaka kwenye stesheni kuu baadaye. Hawakusogea. Ukitoka Seibu-Shinjuku kwenda kupanda treni ya JR, kampuni iliyorithi reli za serikali, utatembea barabarani, mvua ikinyesha utaloa, na kwenye ramani ni kama umbali wa kidole. Mgeni aelewe vizuri hapa: jina la Shinjuku limo kwenye majina ya stesheni nyingi, Nishi-Shinjuku, Higashi-Shinjuku, Minami-Shinjuku, Shinjuku-sanchome, Shinjuku-nishiguchi, na kila moja ni mahali pake. Mkipanga kukutana, taja jina lote.

Sasa nimwingize baba yangu, maana ndiye aliyenifanya nione kitu ambacho nisingekiona mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa njia wa Tazara. Alianzia Mlimba, akamalizia Mbeya, na nyumbani kwetu upana wa reli ulizungumzwa mezani kama bei ya mchele. Usiku ule wa Matsumoto nilimpigia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika?"

"Nimefika, lakini basi liliniacha. Nimekuja kwa treni."

"Treni ya upana gani?"

Sikujua. Kesho yake nikatafuta, nikampigia tena. Reli za JR ni milimita 1,067. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni yetu."

Ni kweli. Japani ilipofungua reli yake ya kwanza, Shimbashi mpaka Yokohama, mwaka 1872, ilichagua futi tatu na inchi sita, upana ule ule uliochaguliwa kusini mwa Afrika, na ambao Wachina, Watanzania na Wazambia waliutandika miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Treni ya Chuo niliyokuwa nikipanda kwenda chuoni, ukiondoa habari ya umeme, magurudumu yake yangekaa sawasawa kwenye reli za Mbeya. Tangu siku ile sikuwahi tena kujihisi mgeni jukwaa la 11.

Lakini Baba akataka kujua na nyingine. Nikaanza kukusanya. Odakyu, 1,067, sawa na JR. Keio, 1,372: kipimo cha tramu za kukokotwa na farasi zilizoanza Tokyo mwaka 1882, kikarithiwa na tramu za umeme, na Keio wakakifuata kwa kuwa nao walianza kama tramu. Treni ya chini ya ardhi ya Marunouchi, 1,435. Ile ya Oedo, ambayo jukwaa lake liko zaidi ya mita 30 chini ya barabara, nayo 1,435. Vipimo vitatu kwenye stesheni moja. Behewa la Keio haliwezi kuingia reli ya JR hata ukilisukuma kwa mikono. Nilimtumia picha ya reli za Keio, akaitazama, akanijibu kwa sauti: "Hii imetanuka."

Kisha akauliza swali ambalo ni la mtu wa reli: "Sasa abiria wanavukaje?"

"Kwa miguu, Baba."

"Kama Kidatu," akasema.

Kidatu ndipo Tazara yenye 1,067 inapokutana na tawi la reli ya zamani ya mita moja kutoka Kilosa. Reli zinakaribiana, haziungani, kwa hiyo mzigo unatolewa kwenye behewa hili na kuwekwa kwenye lile. Baba alipajua vizuri. Aliwahi kuniambia kwamba pale pesa na muda vinapotelea kwenye zile mita chache katikati ya mabehewa mawili, si kwenye mamia ya kilomita za njia. Shinjuku ni hiyo hiyo Kidatu, ila mzigo una miguu, una haraka, na unarudi tena jioni.

Nikianza kuitazama hivyo, stesheni ikabadilika machoni pangu. Nikaacha kuhesabu treni, nikaanza kuhesabu hatua.

Kuna mahali hatua ni chache kuliko unavyoweza kuamini. Jukwaa la 13 na la 14 ziko mgongo kwa mgongo. La 13 husimama treni ya njano ya Chuo-Sobu inayotoka Mitaka kwenda mashariki, na la 14 husimama Yamanote, ile ya kijani inayozunguka jiji, ikielekea Shibuya. Unashuka kwenye moja, unatembea hatua kama kumi, unapanda nyingine. Upande wa pili, la 15 na la 16, ni vivyo hivyo kwa wanaokwenda Ikebukuro na wanaorudi Mitaka. Aliyepanga majukwaa yale alimfikiria mtu mwenye mtoto mgongoni. Nilipokuwa na sanduku zito sikuingia Shinjuku kwa treni yangu ya chungwa, inayofika jukwaa la 7 au la 8 na kukulazimisha kwenda ngazi. Nilishuka Mitaka nikahamia ya njano, ambayo inaanzia hapo na hivyo ina viti, nikafika Shinjuku dakika chache baadaye kuliko wenzangu, na nikavuka kwenda Yamanote bila kugusa ngazi hata moja. Hakuna bango linalokuambia hivyo. Nilielezwa na bibi mmoja wa duka la maandazi ya maharage Kokubunji, naye alifanya kazi Shibuya miaka thelathini.

Na kuna mahali hatua hazihesabiki. Kutoka Oedo kwenda jukwaa la 16, kwa mwendo wangu wa kawaida, ni dakika tisa. Ngazi za umeme juu ya ngazi za umeme, njia ndefu, mageti, kona, ngazi tena. Ndani ya muda huo Yamanote ingekuwa imeshapita stesheni tatu au nne.

Kilichokuwa kigumu zaidi, na watu wengi waliotembelea zamani watakumbuka, ni kuvuka stesheni yenyewe kutoka mashariki kwenda magharibi. Mpaka mwaka 2020, njia pana iliyopita chini ya majukwaa ilikuwa ndani ya mageti ya JR. Kama huna tiketi ya treni ilikubidi kuzunguka, kwa handaki la kaskazini au kwa daraja la kusini. Jiji moja, pande mbili, na ukuta wa mageti katikati. Tarehe 19 Julai 2020 mageti yalisogezwa, njia ikapanuliwa mpaka mita 25, na mita zile 100 zikawa za mtu yeyote. Nilikwenda siku mbili baadaye, wakati wa Uviko, watu wakiwa wachache. Nilivuka kwenda magharibi, nikageuka, nikavuka kurudi mashariki. Sikuwa na safari. Nilitaka tu kupita.

Kitu kingine kinachounganisha ni kadi. Suica ya JR ilianza mwaka 2001, na mwaka 2007 ikaanza kusomana na Pasmo, kadi ya kampuni binafsi na treni za chini ya ardhi. Mfuko mmoja, kadi moja, unagusa Keio, unagusa JR, unagusa basi la mjini. Ila naomba msomaji asidanganyike hapa kama nilivyodanganyika mimi: kadi imeunganishwa, nauli haijaunganishwa. Kila kampuni inaanza kukuhesabia upya unapoingia mlangoni kwake. Mwanafunzi anayetumia JR kisha Keio kisha treni ya chini ya ardhi analipa nauli tatu za kuanzia, na mwisho wa mwezi anaziona. Hili nadhani ni kasoro ya kweli ya Tokyo, na sioni kwa nini watu wanaoisifu hawalitaji.

Palipo na suluhisho kamili ni pale walipokubali kufuata kipimo cha mwenzao. Reli ya chini ya ardhi ya Toei Shinjuku (Toei ni usafiri wa serikali ya jiji), iliyofika Shinjuku mwaka 1980, ilijengwa kwa makusudi kwa ule upana wa farasi, 1,372, ili treni za Keio ziingie moja kwa moja. Leo unaweza kupanda Hashimoto, mkoani Kanagawa, ukakaa kwenye kiti kile kile chini ya Tokyo yote, ukashuka Motoyawata mkoani Chiba. Jiji zima lilikubali kuchimba handaki kwa kipimo cha tramu ya kale, ili abiria asisimame. Nilipomweleza Baba alisema hao ni watu wazima.

Turudi kwenye mabasi, maana nilisema nilishuka badala ya kupanda. Ardhi ya Shinjuku ina mteremko. Milango ya mashariki na magharibi iko chini ya majukwaa. Barabara ya Koshu, ile ile ya farasi, inapita kusini juu ya daraja, kwa hiyo milango ya kusini iko juu ya majukwaa. Ukiwa jukwaani, ngazi za upande mmoja zinashuka na za upande mwingine zinapanda, na hapo ndipo safari yako inapoamuliwa kabla hujasoma bango lolote. Unakwenda basi la mkoani au la uwanja wa ndege: tembea mpaka mwisho wa kusini wa jukwaa, panda, fuata Shin-minami, panda tena mpaka ya nne. Unakwenda basi la mjini, la Toei au la Keio: shuka, toka magharibi, mabasi hayo yamebaki pale pale mbele ya stesheni. Mtu akikuambia tu "stendi ya mabasi Shinjuku", muulize ya juu au ya chini.

Pale chini magharibi kuna uwanja wa ngazi mbili, magari yanashuka kwa mzunguko kuelekea shimo kubwa lililo wazi juu, hewa na mwanga vinaingia. Msanifu wake ni Junzo Sakakura, ulikamilika mwaka 1966. Mwaka 1969 vijana walikuwa wakikusanyika humo Jumamosi jioni na magitaa, maelfu yao, wakiimba kupinga vita vya Vietnam. Mwezi wa Julai mabango yakabadilishwa: palipoandikwa uwanja pakaandikwa njia ya kupita, kwa maana hiyo kusimama kukawa kosa. Nililisoma hilo maktabani, nikaenda kusimama pale. Nilikaa robo saa nikiwatazama watu. Hakuna aliyeniambia niondoke, lakini hakuna mwingine aliyesimama.

Ghorofa ya nne kwenye Busta ni tofauti. Nenda saa nne au saa tano za usiku. Utawakuta wanafunzi wenye mito ya shingoni, akina mama na mifuko ya zawadi, wazee waliovua viatu. Ubao wa majina unabadilika: Osaka, Kyoto, Sendai, Aomori. Kuna basi la kwenda Fukuoka, zaidi ya kilomita 1,000, linaloondoka usiku na kufika kesho yake mchana wakati jua limeshapanda. Mtu wa Mbeya anaielewa safari ya namna hiyo mwilini. Nilikaa kwenye viti vile mara nyingi kuliko nilivyokuwa na safari, kwa sababu ni mahali pekee Shinjuku ambapo watu wanasubiri. Kwingine kote wanapita. Wakati jengo lilipofunguliwa abiria walilalamikia uchache wa vyoo na ukosefu wa duka la vitafunwa, vyoo vikaongezwa na duka likafunguliwa. Nami nililiona hilo kuwa jambo kubwa. Waliojenga walihesabu mabasi kwanza, na binadamu mwenye njaa akaja kuhesabiwa baadaye, lakini alihesabiwa.

Nilirudi nyumbani mwaka 2022. Miaka miwili baadaye nikapata nafasi ya kwenda tena kwa wiki mbili za kazi, na siku ya Jumamosi nikaenda Shinjuku nikijiona mwenyeji. Nilipotea. Jengo la duka la Odakyu la upande wa magharibi, lililofungwa Oktoba 2022, lilikuwa limebomolewa ili kupisha mnara mpya. Palipokuwa na ukuta nilioutumia kama alama yangu ya kukatia kona palikuwa na uzio mweupe, na juu ya uzio anga. Sikuwahi kuliona anga kutokea pale. Njia zilikuwa zimepindishwa, mishale ya karatasi imebandikwa juu ya mabango ya zamani, na maelekezo yangu yote kichwani yalikuwa ya mwaka 2022. Nilimkumbuka kaka wa Kisumu.

Nilimwuliza kijana wa stesheni aliyevaa glavu nyeupe. Nilikuwa na tiketi ya Matsumoto, ya basi. Akanitazama, akaniuliza kama nina dakika ishirini. Nilikuwa na arobaini. Akanionyesha juu.

Nilipata muda wa kusimama kwenye daraja la waenda kwa miguu upande wa kusini, lile linalotoka Southern Terrace kwenda jengo la Takashimaya. Ukiegemea ukingo wake unaona reli zote za JR chini yako, zimelala sambamba kuingia tumboni mwa stesheni. Wazazi walikuwa wamewainua watoto waone treni. Nilipiga picha nikamtumia Baba, ambaye sasa amestaafu na macho yake si kama zamani.

Akajibu kwa sauti: "Nihesabie ni njia ngapi."

Nilianza kutoka kushoto. Nilifika ya saba, Yamanote ikapita ikazifunika tatu. Nikaanza upya kutoka kulia, nikafika ya tisa, ya chungwa ikaingia. Mtoto mmoja kando yangu alikuwa anaipungia mkono, na dereva akajibu kwa honi fupi. Nilimwambia Baba asubiri, nitahesabu nikirudi, maana basi langu lilikuwa limebakiza dakika kumi na mbili na bado nilikuwa na ghorofa mbili za kupanda.